Mnara wa Mpui Umenyamaza

Mpui, Sumbawanga
Mwishoni mwa Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Najua barua hii itakushtua, maana tangu nipate simu nimekuwa mvivu wa kalamu, na kwetu barua ikifika bila kutarajiwa watu hutafuta kwanza pa kukaa. Usiogope. Mimi ni mzima, ila baridi tu. Mwezi huu maji ya kutawadha yanang'ata na naswali nimevaa koti. Wewe mguu unaendeleaje? Baba mdogo alimaliza kuezeka jiko? Anayekusomea nadhani ni Zuhura. Asome polepole, na asiruke mistari kama kawaida yake.

Mama, kampuni imekufa. Ndiyo maana simu yangu haipatikani. Si kwamba nimeoa Mfipa nikawasahau, kama mdogo wangu huyo alivyonitania mara ya mwisho.

Unakumbuka shangwe ya siku nilipoajiriwa. Kampuni yetu ndiyo iliyotangulia kuleta simu za mkononi hapa Mpui. Mnara ulipowashwa padri aliitwa kuubariki, na watu wa Mtowisa, huko bondeni kwenye joto, walipandisha mlima kwa miguu ili wasikie mtu akiongea kutoka Dar es Salaam. Waliokuwa na ng'ombe waliuza wakanunua simu. Sisi mafundi tuliamkiwa na wazee wenye mvi mpaka tukaona haya. Kisha zikaja kampuni nyingine zenye nguvu, bei zao zikawa za chini, na wakubwa wetu walioko ng'ambo wakabaki kugombana wao kwa wao. Wateja wakahama mmoja mmoja. Kwanza gari la dizeli likaanza kuchelewa, ukafuata mshahara, mwisho ofisi ya Mbeya ikawa haipokei simu. Kampuni ya simu, Mama, haipokei simu. Mwezi uliopita mitambo ya Dar es Salaam ikazimwa, na tangu hapo mnara ninaoulinda ni chuma tu.

Niliwaeleza watu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sikazwe, akaniuliza, "Fundi, si shida ya dizeli hiyo?" Nikamjibu kwamba dizeli nayo imekwisha, lakini shida yenyewe iko Dar es Salaam. Yeye akashika lile la dizeli. Kesho yake wenye mashine za kusaga wakaleta dumu, na Wasukuma wafugaji wakaleta jingine. Nilikataa, wakanibembeleza, mwishowe nikaona heri niwashe wajionee wenyewe kwamba hakuna kitu. Jenereta likanguruma, taa nyekundu ya kule juu ikawaka, watu wakapiga makofi. Simu hazikutoka. Wakasema tungoje, mtambo umelala muda mrefu, lazima upate joto kwanza.

Tukaenda hivyo wiki kwa wiki. Dizeli ikikaribia kwisha, nasikia hodi, dumu limefika. Sikuwa na moyo wa kuwarudisha.

Aliyeniumiza kuliko wote ni Mama Gaudensi, mjane jirani yangu, ambaye tangu nije hapa hanipikii chini ya kile anachokula yeye. Mwanawe wa pekee, Gaudensi, yuko kwenye machimbo ya dhahabu huko Chunya. Anahama shimo hadi shimo na hana simu. Huazima ya mtu, akampigia mama yake kila Jumapili baada ya misa. Kwa kuwa sauti ilikuwa ikija, hawakuwahi kuulizana anakaa kwa nani. Wenzake walipohamia kampuni nyingine mama huyu alikataa, maana mwanawe anaijua namba hii tu. Sasa kila Jumapili alikuwa anapanda kilimani, anakaa kando ya uzio, simu mkononi, mpaka jua lizame.

Jumapili iliyopita nikamfuata. Nikamwambia, "Mama, Gaudensi hapigi kwa sababu hawezi. Kampuni imekufa."

"Imekufa? Mbona inanguruma?"

"Hilo ni jenereta tu, mama."

"Kilichokufa hakingurumi, baba," akanijibu kwa upole, akaugeukia tena mnara.

Niliingia kwenye kibanda changu nikalia. Nilikuwa nadhani ninawahurumia, kumbe ngurumo ile ndiyo iliyomfunga pale uzioni, siku zinakwenda na mtoto hatafutwi. Nikamwita Mzee Sikazwe na wote waliokuwepo, nikazima mbele yao. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mzee alitazama juu, akasema, "Babu zetu nao waliacha matanuri yao ya kuyeyushia chuma huko porini. Yamesimama mpaka leo, hayapiki kitu." Kisha akabeba dumu lililobaki awarudishie wenyewe. Mama Gaudensi alibaki amekaa.

Ulitaka nirudi Newala kabla ya korosho. Narudi, Mama, na nina hamu na uso wako kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini niruhusu nichelewe kidogo. Nikifika Mbeya nitageuza kwenda Chunya kumtafuta kijana huyu. Mama yake sasa ana laini ya kampuni nyingine, na namba yake nimeishika kichwani. Hakuna aliyenituma, ila mkono uliozima ni wangu.

Nisalimie baba mdogo, na shangazi Somoe, umwambie dawa yake ya mgongo nitaileta. Mwalimu wa madrasa mpe salamu zangu za heshima. Watoto wa kaka wasile ubuyu wote, wanibakizie.

Jana nilimwomba Mama Gaudensi anieleze mwanawe yukoje, nipate kumtambua kati ya wachimbaji. Hana picha, na kijana aliondoka kabla hajaota ndevu. Alifikiri sana, akakiri kwamba sura ya sasa haijui. Sauti ndiyo anayoijua: ilikuwa nyembamba alipoanza kupiga, mwaka mmoja ikawa inakwaruza, sasa ni nzito kama ya marehemu baba yake. Akaniigizia anavyosema, "Mama, umeamkaje?" Basi niombee dua. Nikifika huko nitawasalimia wanaume wote ninaokutana nao, nisikilize wanavyoitikia.

Mwanao akupendaye,
Hamisi