Jiwe Lililoshikwa na Mapenzi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba na kwamba mvua imewakumbuka huko Shinyanga. Mimi mwili ni mzima. Huku Songea baridi imeanza, asubuhi tunaota moto wa mkaa kabla vidole havijakubali kushika koleo. Barua hii pacha wangu Kulwa akusomee taratibu. Kwenye simu nisingeweza kusema.

Mama, usikate tiketi. Harusi haipo tena. Na lile jiwe la marehemu baba limepotea.

Uliponipa ile almasi ndogo, ukaniambia baba aliichimba mwenyewe na hakuiuza hata mwaka wa njaa, niliapa Editha hatavaa pete kama za watu wote. Pete za kawaida jiwe hushikwa na vijino vinne. Yangu haikuwa na kijino hata kimoja. Unaifua dhahabu mpaka inakuwa ngumu, unaikata pengo, na kingo mbili zinalibana jiwe kama unavyobana punje ya mahindi kati ya vidole viwili. Mwanga unapita chini yake, mtu anaweza kuapa jiwe linaelea. Bosi wangu Mzee Nassoro, sonara wa siku nyingi ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu, aliigeuzageuza akasema kazi hiyo yeye hajawahi kuithubutu. Nilivimba kichwa, mama.

Siku ya kumvisha, kwao Maposeni, pete ilizunguka mkono kwa mkono kabla pombe ya komoni haijaletwa. Shangazi yake, aliyemlea Editha tangu mama yake afariki, aliitazama sana, akauliza jiwe limeshikwa na nini. Nikamwambia limeshikwa na mapenzi. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Baadaye akamwomba Editha pete, akaipeleka kwa fundi wa sokoni anayeziba masufuria, aiwekee vijino. Alifanya kwa wema kabisa. Aliogopa jiwe lisije likadondoka kanisani nikaaibika mbele ya padri. Fundi akaipiga moto. Dhahabu ile ikipata moto inalegea, nguvu yote ya kubana inakwisha, na vijino alivyobandika vilikuwa vya risasi ile ya kuzibia masufuria, laini kama nta. Editha akairudisha kidoleni, akaenda kupukuchua mahindi. Jiwe likatoka bila yeye kujua.

Walipepeta mahindi yote, na makapi, na vumbi la uani. Jumapili baada ya misa wakaja dukani, yeye, baba yake na shangazi, wakaiweka pete mezani. Nililiona lile pengo nikapandwa na wazimu. Nilimwambia shangazi, mtu mzima, mbele ya kaka yake, kwamba amepoteza kitu pekee alichoniachia baba na kwamba ushamba hauna dawa. Mzee Nassoro alinivuta shati. Sikunyamaza.

Baba yake hakupandisha sauti. Alisema, "Kijana, tangu tumeingia unaitazama pete. Mkono wa mwanangu hujautazama."

Ndipo nikautazama. Vidole vilikuwa vimefungwa vipande vya kanga, damu imekauka juu yake, kwa kuchambua changarawe ya uani kwa mikono mitupu. Nilipolipata neno pole, walikuwa wameshavuka barabara.

Mzee Nassoro alikwenda kuniombea. Alisikilizwa kwa heshima, akarudishiwa mahari yetu yote. Alipokwenda tena hakupewa kiti. Sasa kazi haishikiki. Nikiona wachumba wanaingia dukani, najificha nyuma na kupuliza moto usiohitaji kupulizwa. Majuto ni mjukuu, ulizoea kusema. Ya kwangu hayakungoja hata mtoto azaliwe. Kuna asubuhi sioni sababu ya kuamka, mama, nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Mpe pole Kulwa kwa vitenge alivyokwisha kushona. Mjomba, aliyejiandaa kuwa msemaji wetu, mwambie koti lake alivae tu kanisani, lisiliwe na nondo. Bibi usimwambie chochote, mwache aendelee kuimba nyimbo za kumpokea bibi harusi hadi azisahau mwenyewe.

Najua utakuwa umelia kwa ajili ya jiwe la mumeo, nami nakuomba radhi. Lakini ukinijibu, usiniulize habari za jiwe. Niulize kama vidole vya Editha vimepona, nikujibu kwamba sijui.

Ni mimi mwanao,
Doto