Katibu Wetu Yu Hai

Kwa mpwa wangu, Katibu wa chama,

Salamu ni nyingi, bahasha ndiyo ndogo. Mimi mzima. Lile goti lililowashinda madaktari nimeliponya mwenyewe kwa kulikemea.

Serikali imetangaza ruzuku kwa vyama vya hisani, maana hali ni ngumu, na jiko letu la wazee sasa linapika siku mbili tu kwa wiki. Nilikwenda ofisini kwao mwenyewe. Nilipoingia wote walikuwa wamesimama, ingawa viti navyo vilikuwa vichache.

Mama wa dirishani akauliza, "Katibu wenu ni mwanachama hai?"

Nikamjibu, "Yu hai, tena buheri wa afya. Mwezi wa tatu alipiga simu."

Akacheka hadi akavua miwani. "Mzee, hai maana yake anahudhuria vikao. Kama hayupo, mfuteni, mweke mwingine, fomu ifike kabla ya tarehe thelathini."

Nikamwambia jina lako haliguswi, hata walete polisi. Mama yako anasema nikufute, wazee wasilale njaa kwa ukaidi wangu. Nimeshika kalamu mara tatu. Mimi niliyemfukuza fisi kwa kofia, mkono umenigomea.

Fomu imo humu. Usiirudishe kwa posta, ilete mwenyewe. Kikao ni tarehe ishirini na nane, saa nne asubuhi, na kiti chako hakikaliwi na mtu.

Usipokuja nitaandika jina la mwingine, maana wazee lazima wale. Nitaliandika kwa penseli.

Mjomba wako,
Mwenyekiti