Mitamba Wawili kwa Daktari

Kampala, 9 Februari 1957

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Jarso Godhana,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, kile kikohozi kimeniacha. Natumaini wewe na mama mko salama na ng'ombe wanapata malisho. Nisalimie Hared, maana najua ndiye anayekusomea na kukuandikia barua hapo dukani kwake.

Baba, masomo ya sayansi nakaribia kuyamaliza. Tunaotaka kusomea udaktari ni wengi, nafasi ni chache. Mwalimu wangu asema alama zangu ni nzuri lakini hazitoshi. Kamati ya chuo inataka kujua kama mtu amewahi kukaa na wagonjwa, akaona usaha na damu asikimbie. Nawe unajua likizo iliyopita nilimsaidia daktari wa wilaya pale dispensari ya Garsen, nikiosha vidonda na kuwatafsiria Waorma wenzetu. Akiniandikia barua ya ushahidi, nitasimama mbele ya kamati bila wasiwasi. Nimemwandikia, hajajibu. Akipita huko, tafadhali mkumbushe. Maneno machache yatatosha.

Mwanao,
Dukicha


Garsen, 17 Machi 1957

Mwanangu Dukicha,

Waaleikum salaam. Sisi hatujambo. Mto umeshuka na malisho ni ya kutafuta mbali, lakini tunashukuru. Je, unakula vizuri huko?

Daktari alikuja, akapiga hema karibu na Idsowe. Nilimpelekea mtamba, yule mwekundu, nikamfunga mbele ya hema. Nikamwambia mkalimani, "Mwambie mimi ni babake Dukicha. Namwomba asimsahau mtoto." Daktari akamtazama mtamba, akanitazama mimi, akasema neno moja akaingia ndani. Mkalimani akaniambia, "Mzee, mwondoe huyu."

Basi nikadhani ameona mtamba mmoja ni kidogo kwa kazi kubwa kama hiyo. Kesho yake nikarudi na wa pili. Safari hii alipaza sauti mpaka watu wakatoka kutazama. Sikuelewa. Nikawarudisha wote nyumbani.

Lakini usiwe na shaka, jina lako amelisikia.

Babako,
Jarso


Kampala, 20 Aprili 1957

Baba,

Salaam. Mimi mzima.

Jana niliitwa mbele ya kamati. Daktari ameandika kwamba hawezi kunitetea, kwa sababu mtu wa kwetu alitaka kumhonga kwa ng'ombe. Kumhonga, baba! Barua iko mezani, wazee wote wananitazama. Mimi nilikuomba maneno machache. Nani alikuomba ng'ombe? Tena wawili! Wenzangu wana wazazi wanaojua mambo ya dunia, na mimi nina... Basi, nanyamaza.

Jambo hili nimekwisha kulizima kwa njia yangu, na kamati wameniamini. Nakusihi usiseme tena na daktari juu yangu, wala na mtu mwingine yeyote.

Dukicha


Garsen, 2 Juni 1957

Mwanangu Dukicha,

Waaleikum salaam. Namshukuru Mungu kwa uzima wako. Sisi tuko. Mvua ilikata barabara, ndiyo maana nimechelewa.

Barua yako ilifika siku watu wamejaa dukani. Hared alianza kuisoma, kisha akataka kuikunja. Nikamwambia, "Soma." Akasoma yote. Nilipotoka watu walinipisha, hakuna aliyenisemesha.

Mwanangu, nisamehe. Kwetu mtu haendi kuomba mikono mitupu, nami sikujua kwamba kwao hilo ni tusi. Ulinikataza kusema na daktari. Sikuweza kukaa. Nilimfuata hadi Wenje. Mkalimani sikumtaka, nikasema kwa Kiswahili changu hiki kibovu: "Kosa ni langu mimi babake. Mtoto hakujua. Usimwadhibu yeye." Akanipa kiti. Akaniuliza mengi, nikamjibu; kumbe mkalimani alimtajia jina lako tu, hakumwambia kwamba mimi ni babako. Mwishowe akasema ataandika upya huko chuoni, aeleze kwamba babako mwenyewe alikuja kwake. Akanipa mkono.

Nimefurahi. Sasa mambo yako yatanyooka.

Babako,
Jarso


Kampala, 14 Julai 1957

Baba yangu,

Assalaam aleikum. Namwomba Hared aisome hii mkiwa wawili tu.

Barua ya daktari ilifika. Aliisifu kazi yangu, akasema wewe ni muungwana. Mwenyekiti wa kamati aliisoma kwa sauti, akavua miwani, akaniuliza, "Mtu huyu ni babako?"

Baba, swali hilo waliniuliza hata siku ile ya Aprili. Nilijibu kwamba mwenye ng'ombe si babangu. Nilikukana, kisha nikaja chumbani nikakuandikia maneno yale.

Safari hii nilisema kweli. Mwenyekiti akasema, "Mambo ya ng'ombe tungeyasahau. Lakini wewe ulitudanganya ukitutazama usoni. Mgonjwa atakuaminije?" Wameninyima nafasi. Naweza kuomba tena nikiwa nimefanya kazi ya hospitali mwaka mzima, chini ya mtu atakayesema ukweli kuhusu tabia yangu.

Wenzangu wamekwisha kusikia. Siku hizi naenda kula wakishatoka wao.

Mwanao, kama bado waniita hivyo,
Dukicha


Garsen, 25 Agosti 1957

Dukicha,

Waaleikum salaam. Hatujambo.

Barua nimesomewa faraghani, kama ulivyotaka. Mamako hajui. Akiniuliza habari zako namwambia unasoma.

Nina swali moja. Uliposema mimi si babako, ulisema mimi ni nani? Hared ameirudia barua yote, jibu hakuliona.

Jarso


Kampala, 22 Septemba 1957

Baba,

Assalaam aleikum. Nawaombea afya wewe na mama.

Nilisema wewe ni mchungaji wetu wa kuajiriwa, mtu tuliyemwokota Bangale, asiye na akili timamu. Wazee wakacheka kidogo, nami nikacheka pamoja nao. Hukuniuliza kama nilicheka, lakini nilicheka.

Nimemwandikia daktari yote haya. Amejibu kwamba atanipokea Garsen, nifagie na kuchemsha sindano, na mwaka ukiisha ataandika atakachokiona. Nitafika na lori mwezi ujao. Nitalala dispensari, kwa maana sijui niingieje nyumbani kwako. Mama nitamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, nikipata ujasiri.

Mwanao,
Dukicha Jarso


Garsen, 20 Oktoba 1957

Kwa Dukicha, hapo dispensari,

Waaleikum salaam. Nasikia umefika na u mzima, ila umekonda.

Naona umepita nyuma ya maduka kwenda kuteka maji ili tusikutane. Usifanye hivyo. Sitakudanganya kwamba moyo wangu umetulia, haujatulia. Maneno yale nayasikia hata nikiwa na ng'ombe. Labda tutayasema mwaka mzima.

Lakini mamako amesikia umekuja, amechinja kuku, na anauliza mbona huonekani. Mimi jambo hilo siwezi kumjibu kwa niaba yako. Njoo leo, kabla chakula hakijapoa.

Babako,
Jarso