Fimbo ya Mzee Mughenyi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Issuna tu wazima, na mtama umekubali. Umeniuliza utamkataliaje bosi wako bila kumvunjia heshima.

Nikiwa msichana, kijiji chetu cha ujamaa kikiwa kipya, nilichaguliwa kumpanda punda wa jirani yetu, Mzee Mughenyi, kwenye mbio za sikukuu pale Ikungi. Kabla ya kuanza akanipa fimbo.

"Mchape mpaka mwisho!"

Nikapiga goti. "Baba, nikimchapa atanitupa. Kama fimbo ni lazima, mtafute mwingine."

Akaninunia mbele za watu. Kisha akaichukua fimbo yake. "Haya, mpande unavyojua."

Tulishika nafasi ya pili. Mzee alikuja mbio, jasho likimtiririka. "Hujaumia, mwanangu?"

Kumbe naye aliogopa nisije nikatupwa! Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Bibi yako anayekuombea,
Mama Yohana