Breki Mpya za Gari la Babu

Royce mjukuu wangu,

Supu ya viazi iko kwenye friji, ipashe moto. Paka hajala. Wekundu ulio kwenye kioo cha gari lako ni pai ya cheri, si damu. Usishtuke kama mimi.

Langu liligoma kuwaka kwa baridi, nikachukua lako, lile alilokuachia babu yako, bila kukuuliza. Karibu na kanisa kulungu akaruka barabarani. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, kama nilivyozoea enzi za marehemu, breki zilipokuwa hazishiki. Loo! Gari likasimama papo hapo, pai ikaruka, na mkanda mpya ukanidaka begani. Kulungu akanitazama, akaenda zake.

Harlan wa vyuma chakavu alinikuta pale. “Bi Ardith, hukujua? Kijana kang'oa breki na mikanda kwenye gari lililopondwa pale kwangu, akavifunga humu. Kasema injini itangoja, bibi yake hupanda humu.”

Nami jana nilikufokea kwamba unatafuta mbio tu, gari liuzwe!

~~Tutalizungumza jioni.~~ Gari libaki. Ila kesho endesha wewe; mguu wangu bado hauamini.

Bibi yako