Viatu Vinavyotazama Nje

Mpendwa Mama,

Jumapili iliyopita mvua ilinyesha Kawangware tangu somo la kwanza. Nilipotoka kanisani nilikuta viatu vyangu vikavu, vimesogezwa ndani ya kizingiti na kugeuzwa ili vitazame nje, tayari kuvaliwa. Nilikuwaza njia yote hadi nyumbani Riruta. Nimeona afadhali niyaandike niliyoyawaza, kwa kuwa wewe hukupenda wazo lililoachwa nusu.

Unalikumbuka kanisa letu la Kisumu Ndogo, kule Kibera: mabati pande zote, sakafu ya udongo ulioshindiliwa, na desturi ya kuingia pekupeku kwa heshima ya mahali pale. Aliyetaka kuijua Kibera angetazama tu mlango ule wakati wa ibada: ndara za wachuuzi, gambuti za vibarua, viatu vya visigino vya Rose fundi cherehani. Ndani, wewe ndiye uliyeimbisha. Ulitoa mstari, akina mama waliovaa kanzu nyeupe wakajibu. Katika uimbaji wetu anayeimbisha hana mamlaka kubwa kama inavyodhaniwa, maana wimbo wake ni nusu mpaka aitikiwe.

Kisha wazee wa kanisa wakamchagua Rose awe kiongozi wa akina mama mahali pako. Hawakukueleza sababu. Alikuwa kijana, ulimfundisha kuimba wewe mwenyewe, na sauti yake ilikuwa nyembamba. Kesho yake Mama Ouma, jirani yako katika biashara ya dagaa wa omena, alikujia mezani kwako bila hata salamu.

"Mama Atieno, umekaa tu? Huyo msichana umemfundisha juzi, leo anakukalia kichwani!"

"Habari ya asubuhi, Mama Ouma."

"Wacha habari! Kawangware kuna ploti. Mabati tutachanga. Tunahama na ngoma yetu, na wewe ndiye kiongozi. Kina mama wote wako nyuma yako."

"Na huko tutaimba nini?"

"Si ni zile nyimbo zetu!"

"Basi hizo ziko hapa tayari."

Halikuwa jambo la kupuuza. Katika miaka ile ya tisini makanisa kama letu yaligawanyika kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na kila mgawanyiko uliacha majirani wasiosalimiana kwenye foleni ya maji. Neno moja kutoka kwako lingetosha kulipasua kanisa. Wote walilingojea, nami pia.

Jumapili iliyofuata ulifika mapema ukaketi mlangoni. Maji ya mvua yalichuruzika kutoka kwenye mabati moja kwa moja juu ya viatu. Ukavisogeza ndani, ukavipanga jozi kwa jozi, ukavigeuza vitazame nje. Hakuna aliyekutuma. Mwanzoni, lazima niseme, hukuwa hodari: Mama Ouma alifika nyumbani na gambuti mbili, zote za mguu wa kushoto, na mtaa mzima ulimsikia.

Wiki hiyo, tulipokuwa tukichambua omena, nilikuuliza habari za yule mgeni katika mafundisho ya Yesu, anayechagua kiti cha nyuma karamuni, kisha mwenyeji akamwita mbele. Mimi niliona hila ndani yake. Nilikuambia kwamba huenda mtu anakaa nyuma kwa sababu anajua ataitwa.

"Na asipoitwa je?" nikauliza.

Hukuinua macho kutoka kwenye sinia. "Atakula hukohuko. Chakula si kimetoka sufuria moja?"

Kisha ikaja Jumapili ya kimya. Rose alisimama mbele akatoa mstari: "Nani ametuvusha wiki hii?" Jibu lake hata watoto walilijua. Hakuna aliyejibu. Akarudia. Mama Ouma alikuwa akitazama paa. Kanzu zote nyeupe zilisimama midomo imefungwa, na hapo nikaelewa kwamba walikuwa wamepatana. Walidhani wanakuheshimu wewe.

Ulikuwa mlangoni, umeshika gambuti yenye tope. Niliuona mgongo wako ukinyooka.

"Ni Bwana," ukaitikia, peke yako, kwa ile sauti ambayo kila mtu aliijua.

Rose akatoa mstari wa pili. Ukaitikia tena peke yako. Ilipofika mara ya tatu mtu mmoja wa nyuma alijiunga nawe, kisha wengine, na mwishowe Mama Ouma. Aliimba kama mtu anayegombana, lakini aliimba.

Nimejaribu mara nyingi kulipa tendo lile jina linalolistahili. Halikuwa kujidharau: ulijua sauti yako inaishinda ya Rose, wala hukujifanya hujui. Halikuwa hila pia, maana mwenye hila angeutoa mstari yeye mwenyewe, na kanisa zima lingemfuata. Uliweza kuuanzisha wimbo, ukachagua kuuitikia. Kwangu mimi unyenyekevu wote umo katika tofauti hiyo. Na imani imo katika yale majibu mawili ya kwanza, uliyoyaimba bila kujua kama kuna atakayekufuata.

Kanisa halikupasuka. Hili la Kawangware lilijengwa baadaye kwa baraka za wote. Siku ya kulifungua Rose aliimbisha na Mama Ouma akabeba ngoma. Wewe hukurudishwa mbele, si siku hiyo, wala baadaye hadi ulipotutoka. Kwa miaka mingi nililiona hilo kama hesabu isiyofungwa: nilikuwa bado namngoja mwenyeji aje akuite. Sasa singoji tena. Nikikumbuka ulivyorudi nyumbani kila Jumapili, mikono ina tope na wimbo ungali mdomoni, sioni kitu ulichokosa.

Nani aliyevigeuza viatu vyangu? Nilimkuta pale pale mlangoni, mzee sasa, ameshika ndara ya mtoto na kunung'unika.

"Kumbe ni wewe, Mama Ouma?"

"Nani mwingine? Mama yako aliniachia kazi, mshahara akaenda nao. Na wewe Atieno, vaa haraka, unaziba mlango."

Nikasogea kando. Ndani, Rose alikuwa akitoa mstari wa wimbo wa kuagana, na sauti yake bado ni nyembamba. Mama Ouma akaitikia bila kugeuka, macho yake yakiwa kwenye viatu. Nami nikaitikia pamoja naye.

Pumzika, Mama, pale walipokuketisha. Najua unakula vizuri.

Binti yako wa kwanza,
Atieno