Vifaru Wanaotazama Kushoto

Mpendwa Shangazi Nakhumicha, naomba msaada kabla sijajikata kidole. Mimi ni Nzau wa mtaa wa Tena, mchonga vinyago pale soko la Gikomba, kazi yangu ni vifaru, na zamani nilikuwa nikishika tezo asubuhi siinui macho mpaka njaa iniume, moyo umetulia tu, lakini tangu Adoyo aje kuuza mapazia ya mitumba ng'ambo ya njia, kushoto kwangu, akikohoa tu moyo unadunda, na ukishadunda macho yanaufuata, mkono nao unafuata macho, nikija kushtuka kifaru amegeuza shingo kushoto, na si mmoja Shangazi, ni kundi zima, wote wanaangalia mapazia. Wenzangu wananicheka mpaka wanaweka kazi chini. Mzee Mativo, mkubwa wa karakana, hacheki, maana mteja aliagiza vifaru wa kutazama mbele, na ameniambia, "Ukinigeuzia mwingine, unarudi kupiga msasa na wanagenzi." Sasa mimi fundi mzima nirudi kwenye msasa, uso nitauweka wapi? Nilienda zahanati nikapimwa, nesi akasema moyo ni mzima kabisa, akacheka pia. Na juzi mambo yamezidi, Adoyo amegeuza meza yake, sasa nikigeuka tu tunatazamana uso kwa uso, vumbi la mbao linamwangukia na hasogei. Je, nihame karakana?

Nzau mwanangu, pole, ingawa nimecheka kumshinda huyo nesi. Uhame uende wapi na moyo ni huo huo kifuani?

Ukiusikia unadunda, weka tezo chini, maana kidole hakioti tena. Vuta pumzi polepole, uitoe polepole zaidi, mpaka moyo urudie mwendo wake. Ukitulia, macho nayo yatatulia. Kabla ya hapo usiguse hata sikio la kifaru. Na ugeuze kigoda chako, uipe njia mgongo, mpaka kazi ya mteja iishe.

Lakini hiyo ni ya kutuliza tu. Moyo wako unakimbia kwa sababu una neno na hujalisema. Wewe unayeujua mti mpaka kiini chake, meza iliyogeuzwa mbele ya pua yako huioni? Muuza mapazia gani huyaelekeza kwenye vumbi? Msichana anaharibu biashara yake kama unavyoharibu yako, nawe unaniuliza habari ya kuhama!

Kwa hiyo mmalizie Mzee Mativo kazi yake, nawa mikono, uvuke njia. Mpelekee Adoyo kifaru mmoja wa wale walioharibika, umwambie, "Huyu alikataa kutazama mbele." Kisha nyamaza, umsikilize. Na siku ya harusi mniketishe kushoto.